Namna ya Kunenepesha Gitaa Lililokonda

Gitaa lako la umeme limekonda. Umelisikiliza chumbani usiku, sauti umeiweka chini ili wenye nyumba wasiamke, ukalilinganisha na ile video uliyoitazama kwenye simu, na hukumu ikatoka hapo hapo: pikapu ni mbovu, ziondolewe, ziwekwe hambaka mpya. Hongera. Umefikia uamuzi huo bila kulifungua gitaa, bila kubadili nyuzi zilizoota kutu tangu Pasaka, na bila kugusa kitufe hata kimoja, kwa hiyo wewe ndiye hasa mtu aliyeandikiwa mwongozo huu. Wale wenye tabia ya kuuliza kabla ya kutoa pesa watafute kwingine.

Kwanza ujue unanunua nini, japo si lazima. Pikapu ni sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unayumba, na waya unazalisha umeme kiduchu unaofuata mtikisiko ule ule. Ndiyo yote. Kasoro yake ni kwamba waya uliosokotwa namna hiyo hunasa pia mvumo wa umeme wa ukutani, ambao kwetu hucheza mara 50 kwa sekunde na Marekani mara 60. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa mambo ya umeme katika kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, Michigan, aliomba hataza ya dawa yake. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja akaigeuza mzunguko wa waya na pia ncha ya sumaku, kisha akaziunga mfululizo. Mvumo wa ukutani ukiingia, koili hizo zinaupokea kwa kupingana, nao unajifuta. Mtikisiko wa uzi umegeuzwa mara mbili, hivyo unatoka upande mmoja na kujumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka.

Watu waliipenda kwa ukimya wake, kisha wakaipenda zaidi kwa unene wake. Hapa ndipo penye siri ambayo ukimwambia muuzaji unaijua atakuchukia: sehemu kubwa ya unene huo ni sauti kali za juu zilizopotea. Koili mbili mfululizo zina waya mwingi, na waya mwingi huzuia mitikisiko ya kasi isipite. Kwa maneno mengine, unapolipa pesa nyingi kwa pikapu nene, sehemu kubwa ya unacholipia ni kupunguziwa. Upande wa kulia wa gitaa lako kuna kitufe kilichoandikwa toni, na ukikizungusha kutoka 10 hadi 6 nacho kinapunguza sauti za juu, ingawa hakiwezi kuongeza nguvu za katikati kama koili kubwa inavyofanya. Kitufe hicho kilikuja na gitaa. Wapigaji wengi hufa bila kukigusa, na biashara ya pikapu inawaombea maisha marefu.

Historia ni sehemu muhimu ya ununuzi, kwa sababu ndiyo inayopandisha bei. Hambaka za kwanza, zilizoanza kuwekwa kwenye magitaa ya Gibson mwaka 1957, zilibandikwa kikaratasi cheusi chenye maneno ya Kiingereza ya kusema hataza imeombwa, na hadi leo zinajulikana kwa herufi za mwanzo za maneno hayo: PAF. Kila koili ilikusudiwa kuwa na mizunguko kama 5,000. Lakini mashine za wakati ule hazikujizima zenyewe hesabu ikitimia, na mfanyakazi alisimamisha alipoona imetosha. Ndiyo maana nyingine zilitoka na kilo-omu 7 na kitu, nyingine zikakaribia 9, na mara nyingi koili moja ilizidi mwenzake. Sumaku nazo zilikuwa alniko (yaani alumini, nikeli na kobalti) ya namba yoyote iliyopatikana siku hiyo, ya 2, ya 3, ya 4 au ya 5. Leo jozi ya pikapu hizo huuzwa kwa maelfu ya dola, na viwanda vya kisasa vyenye mashine za kompyuta vinahesabu kwa uangalifu mkubwa jinsi ya kukosea vile vile.

Hataza yenyewe ilitolewa Julai 1959, namba 2,896,491. Gibson walipobadili kibandiko mwanzoni mwa miaka ya 60 waliandika namba 2,737,842, ambayo ni hataza ya kishikio cha nyuzi kilichobuniwa na Les Paul na haihusiani na pikapu hata kidogo. Ukikutana na mtu anayedai kuwa anasikia tofauti kati ya kibandiko cha kwanza na cha pili, mheshimu na uchukue namba yake ya simu. Siku ukizichoka pikapu zako, huyo ndiye mteja.

Baada ya historia, jifunze kusoma namba moja tu na kuzipuuza nyingine zote. Namba hiyo ni kilo-omu. Kubwa ndiyo bora, na muuzaji akikuuliza unataka ya ngapi, jibu 16 bila kupepesa macho. Seymour Duncan JB inazidi hapo kidogo, na DiMarzio Super Distortion, iliyotoka mwaka 1972 na kufungua soko zima la pikapu za kubadilishia, iko kwenye 13 na pointi. Usikubali mtu akueleze kwamba kilo-omu hupima ukinzani wa waya na si nguvu ya sauti. Usikubali akuambie kwamba waya ukiwa mwembamba zaidi, kwa mizunguko ile ile, namba inapanda na sauti haiongezeki. Akikutajia Filter'Tron, hambaka ambayo Ray Butts alimtengenezea Chet Atkins na ambayo Gretsch wanaitumia tangu miaka ya 50, iliyo na kilo-omu 4 tu na haijawahi kuitwa mgonjwa, badilisha mazungumzo.

Hata hivyo, kama namba ndiyo kila kitu, nunua kwa kuzingatia hali ya hewa. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii ya Selsiasi. Pikapu iliyosoma 8 Njombe asubuhi ya Julai inaweza kusoma 8 na nusu na ushee ikipimwa Dar es Salaam mchana wa Januari. Umeongezewa nguvu bila kulipa chochote zaidi ya nauli ya basi. Namba inayokaribia kusema ukweli juu ya unene ni ya henri, inayopima jinsi koili inavyozuia sauti za juu: hambaka za mtindo wa zamani ziko karibu na henri 4, zile nzito zinafika 8. Namba hiyo mara nyingi haiandikwi kwenye boksi, na kwa mnunuzi wa aina yako ni afadhali.

Halafu sikiliza mifano. Njia inayopendekezwa ni kusikiliza kwa spika ya simu, ambayo haina besi ya kuzungumziwa, na kuamua kwa msingi huo pikapu ipi ina besi nyingi. Anayepiga kwenye video ana amplifaya ya valvu, maikrofoni mbili, chumba kilichotulizwa mwangwi, na vidole vya miaka ishirini. Kinachobadilika kati ya video yake na chumba chako, bila shaka, ni pikapu tu.

Pamoja na hayo kuna suala la mahali unapochomeka gitaa, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo magitaa mengi ya kwetu yanapokondea. Kanisani, kwenye kumbi za harusi, hata kwenye baadhi ya baa zenye bendi, mpiga gitaa hufika akakuta spika kubwa za muziki na miksa, amplifaya ya gitaa haipo. Anachomeka pedali ya distoshoni, pedali inaingia kwenye miksa, na kinachotoka ni mbu wawili wanaogombana ndani ya kopo. Sababu yake inajulikana. Spika ya gitaa ya inchi 12 ni kifaa kizembe kwa makusudi: ikifika kwenye mitikisiko 5,000 hivi kwa sekunde inaanza kuachia, na ule mchakaricho wa juu unaozalishwa na distoshoni haufiki masikioni. Spika za ukumbi zina twita iliyotengenezwa ili maneno ya mchungaji yasikike hadi mlango wa nyuma, nayo inauleta mchakaricho wote kama ulivyo. Tena gitaa likiingizwa bila pedali yoyote moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa, tundu hilo linalemea koili, na sauti inatoka imefifia. Hakuna pikapu ya dunia hii inayotibu hilo. Pedali inayoiga spika ya gitaa inatibu, na boksi la DI lenye umeme wake linasaidia kuliingiza gitaa bila kulilemea, na vyote viwili mara nyingi ni rahisi kuliko jozi ya hambaka kutoka California. Lakini huwezi kuwaonyesha rafiki zako boksi la DI na kuwaambia lina roho.

Sasa orodha ya mambo ambayo mnunuzi asiye na hadhari anapaswa kuyakwepa kabla ya kulipa, kwa kuwa mojawapo linaweza kumharibia safari nzima.

Usichukue bisibisi ya nyota. Ukiichukua utaona kwamba kila upande wa pikapu kuna skrubu moja, na ukiizungusha kulia upande huo unapanda kuelekea nyuzi. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka dukani pikapu zimezama, maana aliyeyafunga alitaka nyuzi zisiguse kitu wakati wa kusafirishwa. Ukibonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa na kuweka rula ya mwanafunzi kati ya uzi na kichwa cha skrubu ya pikapu, unatakiwa kuona milimita 2 hivi kwa pikapu ya darajani, na zaidi kidogo kwa ile ya shingoni, ambako uzi hutikisika kwa upana. Ukikuta 5, basi sumaku inausikia uzi kwa mbali. Pandisha nusu mzunguko, piga, sikiliza, pandisha tena. Kuna watu walioanza hivyo jioni, na kufikia saa ya kulala walikuwa wameshamfutia muuzaji oda. Ukipandisha mno utaona uzi wa sita unaanza kuwa na sauti ya kulewa, inayopanda na kushuka yenyewe, kwa kuwa sumaku inauvuta. Hapo rudisha nyuma.

Usiangalie vile vitufe vinavyovutika. Siku hizi magitaa mengi yana kitufe cha sauti au cha toni ambacho ukikivuta juu kinazima koili moja ya hambaka ili isikike kama pikapu ya koili moja. Ni kitu kizuri kwa anayejua kipo. Kwa asiyejua, kitufe kinavutwa siku gitaa linapotolewa kwenye mfuko, kinabaki juu miezi sita, na mwenye gitaa anatumia miezi hiyo kulalamika kuwa hambaka zake zimekonda na zinavuma. Bila shaka zinavuma, mwenzi wa kuufuta mvumo amezimwa.

Usigonge pikapu kwa ncha ya bisibisi. Gitaa likiwa limechomekwa, sauti chini, ukigusa kwa chuma vichwa vya skrubu vya koili ya kwanza utasikia ko, na ukigusa vya koili ya pili unatakiwa kusikia ko ya nguvu ile ile. Koili moja ikijibu na nyingine ikinung'unika tu, umeshajua ugonjwa uko wapi, na kujua ni hatari.

Wala usiazime mita ya fundi redio. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua sauti hadi mwisho, chagua pikapu moja, gusa ncha na shina la plagi ya upande wa pili kwa nyaya za mita. Hambaka ya kawaida itasoma karibu na 8. Ikisoma 4, koili moja tu ndiyo inayofanya kazi. Ikisoma 2, zote zinafanya kazi lakini mtu ameziunga sambamba badala ya mfululizo, na sauti inatoka nyembamba na safi kama alivyotaka, pengine bila kujua. Ikisoma namba kubwa ajabu, mamia ya kilo-omu, waya wa koili umekatika. Cha kushangaza ni kwamba pikapu iliyokatika waya haifi kabisa. Mitikisiko ya juu inaruka pengo hilo kidogo kidogo, na unachosikia ni sauti hafifu, iliyokauka, isiyo na tumbo. Huyo ndiye mgonjwa wa kweli, na kati ya wote waliotajwa hapa ndiye peke yake anayestahili pikapu mpya. Ungeweza kumpelekea fundi wa kusuka mota, na wapo wenye mikono ya ajabu, ila mwambie mapema kwamba waya ni wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa wengi, na mizunguko ni maelfu. Uangalie uso wake. Akikubali, umpe chai kabisa.

Ukishazikwepa hatari hizo zote, bado kuna mtego mmoja, nao ni kupiga na wenzako. Chumbani gitaa linaonekana limekonda kwa kuwa liko peke yake na unataka lijaze nyumba. Kwenye bendi nyumba imeshajaa. Besi iko chini pamoja na dramu ya mguu, kinanda kinalala katikati kwa mikono miwili na hakina mpango wa kuhama, waimbaji wako pale pale ambapo gitaa nene lingependa kukaa. Yeyote aliyewahi kusikiliza muziki wa dansi kwa makini anajua jinsi wazee walivyogawana: besi chini, rizimu ikikatakata katikati, solo juu, na solo ya pili ikipita kwenye nafasi iliyobaki. Sikiliza Les Wanyika, au solo ya Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Lile gitaa ukilitoa peke yake ukaliweka chumbani kwako utasema limekonda, lipelekwe hospitali. Ndani ya wimbo, kila noti inasikika hadi barabarani. Ukiweka hambaka ya kilo-omu 16 kwenye gitaa la solo la bendi ya namna hiyo utapata sauti nene ambayo mpiga gitaa anaisikia vizuri na wachezaji hawaisikii kabisa, na kiongozi wa bendi atakuomba uongeze sauti usiku kucha. (Kwa maoni yangu, na najua wapenda metali watanikasirikia, nusu ya magitaa yanayoitwa membamba Dar es Salaam na Nairobi yangefaa kuachwa kama yalivyo.)

Tena wako waliokonda kwa ajali wakatajirika. Gitaa la Les Paul la mwaka 1959 alilopiga Peter Green enzi za Fleetwood Mac lina pikapu ambayo sumaku yake iko kinyume, hivyo ukiwasha pikapu zote mbili zinapingana, na sauti inatoka nyembamba ya puani. Fundi mwangalifu angeirekebisha mchana mmoja. Gitaa hilo likaenda kwa Gary Moore, sasa linamilikiwa na Kirk Hammett wa Metallica, na watu wanalipa mafundi wawageuzie sumaku kwa makusudi ili nao wakonde vile vile.

Haya, bado unataka kununua. Basi chagua. Kuna sumaku za alniko na kuna za seramiki. Utaambiwa alniko ni ya joto na seramiki ni ya baridi. Ukweli ni kwamba seramiki ina nguvu, hivyo huwekwa kwenye pikapu zenye waya mwingi kwa ajili ya distoshoni, na sifa mbaya ya baridi inatokana na pikapu za bei ya chini ambako huwekwa kwa sababu ni rahisi. Alniko 2 ni mpole, alniko 5 ina msukumo zaidi wa chini na wa juu. Kama gitaa lako kweli ni jembamba, hata baada ya bisibisi na mita, na ni la kupigia kila kitu, hambaka ya alniko yenye kilo-omu kati ya 8 na 9 darajani itakutosha, na ukitaka nzito zaidi upande hadi zile za 13. Zaidi ya hapo unanunua tope. Hii ndiyo aya pekee ya mwongozo huu isiyo na mzaha, na nasikitika kuiona imeingia.

Usipime gitaa kabla ya kuagiza. Hambaka za mtindo wa Gibson zina milimita 49 au 50 kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita, na magitaa yenye daraja pana la mtindo wa Fender yanahitaji kama 52 au 53. Ukikosea, nyuzi za pembeni zitapita nje kidogo ya skrubu zake, jambo ambalo sikio halilioni sana lakini jicho litaliona kila siku hadi uuze gitaa. Shimo la gitaa la bei nafuu nalo linaweza kuwa la kina kifupi, na miguu ya pikapu ya Kimarekani ni mirefu. Utagundua hilo pikapu zikiwa zimeshafika, umeshalipia usafiri, na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania au 16 kwa Kenya imeshakwenda. Fundi seremala yupo. Ana patasi.

Angalia pia potenshometa, au afadhali usiziangalie. Hambaka kwa kawaida hupewa za kilo-omu 500 na pikapu za koili moja 250, kwa kuwa ndogo huvuta sauti za juu na kuzipeleka chini. Gitaa lenye hambaka na potenshometa za 500 lenye sauti ya kuchoma masikio linaweza kutulizwa kwa kuweka 250, kazi ya nusu saa na ya bei ya mlo mmoja wa mchana. Hata kebo ndefu hufanya kazi ya namna hiyo, maana kila mita huongeza mzigo kidogo unaomeza sauti za juu. Badili kutoka mita 3 kwenda mita 6 na gitaa limenenepa, japo watu watajikwaa.

Tumefika kwenye kulehemu. Hambaka mpya inakuja na nyaya nne za rangi na moja isiyo na ganda. Kwenye Seymour Duncan nyeusi ndiyo inayobeba sauti, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe na kufungwa tepu, kijani na ule usio na ganda zinakwenda kwenye ardhi. Kwenye DiMarzio nyekundu ndiyo inayobeba sauti, nyeusi na nyeupe ndizo zinazounganishwa, na kijani inakwenda ardhini. Kwa matokeo kamili nunua DiMarzio na mpe fundi mchoro wa Seymour Duncan. Ataufuata kwa uaminifu, risasi zake zitang'aa, na koili moja itakuwa imegeuzwa dhidi ya mwenzake. Kumbuka mpango wa Seth Lover: mvumo ufutwe, uzi ujumlishwe. Hapa uzi ndio utakaofutwa, na mvumo wa ukutani utajumlishwa mara mbili. Umelipa, umesubiri meli, umetoboa mbao, na sasa una gitaa jembamba kuliko siku ulipoanza, linalovuma kama jenereta ya jirani. Usilaumu nyaya. Laumu mbao za gitaa, kisha anza kutafuta gitaa jingine.

Fundi mzuri, lakini, atakuharibia hata hilo. Atazitoa nyuzi zako zilizooza kwa sababu haziwezi kurudishwa, atakuambia ununue seti mpya, na akiona vidole vyako vimekomaa atakushauri uache nyuzi za unene wa 9 upande za 10. Atasafisha tundu la kebo lililokuwa limeoksidika, atalehemu upya ule waya wa ardhi uliokuwa unaning'inia, atapandisha pikapu hadi milimita 2 kwa mazoea tu, na atarudisha kile kitufe chini bila kukuambia. Utachomeka gitaa, litatoka sauti nene, pana, yenye kifua, na wote waliopo watakubaliana kwamba pikapu mpya zina thamani yake. Zile za zamani zifunge kwenye karatasi, ziuze kwa kijana mwenye gitaa jembamba, na akikuuliza ulibadili nini kingine, sema hakuna.